Bustani Iliyovuka Masale: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba Iliyokaa Sokoni Miezi 20

Kuhusu kisa hiki

Nyumba ninayoizungumzia ipo upande wa Meru, mkoani Arusha. Majina ya watu, kijiji na mto nimeyaondoa. Fedha nimezisogeza kidogo juu au chini, lakini uwiano wake sikuugusa. Mimi ni mshauri wa mauzo ya ardhi na nyumba; wengi huniita dalali na sibishani nao. Niliitwa Januari 2022, nyumba ikiwa imetangazwa karibu mwaka mzima. Yaliyotokea kabla ya hapo nimeyapata kwenye mikataba, ujumbe wa simu na midomo ya wanafamilia, ambao hawakukubaliana kwa kila jambo.

Usuli

Mzee, mtumishi wa umma mstaafu, aliinunua nyumba hiyo mwaka 1994 kwa shilingi milioni 9. Ni nyumba ya mawe iliyojengwa kabla ya Uhuru, enzi za mashamba ya kahawa ya walowezi: kuta nene, sakafu ya mbao za mninga, baraza refu linalotazama Mlima Meru siku ambazo mawingu yameamua kuondoka. Kiwanja kina hati, na hati inasomeka hekta 1.1, yaani kama ekari 2.7. Kuanzia mpaka wa chini wa kiwanja ardhi inateremka hadi mtoni.

Kwenye mpaka huo wa chini Mama alipanda masale mwaka uleule waliohamia. Kwa wasiotoka huku, sale ni mmea wa majani marefu ambao Wameru na Wachaga huupanda mpakani, na mtu hauondoi hivi hivi. Kwa Wachaga jani lake hubebwa pia na anayekwenda kuomba radhi. Ukiona mstari wa masale, umeuona mpaka, hata kama hujawahi kuishika ramani ya upimaji.

Kati ya 2016 na 2018 watoto watano, wawili kati yao wakiishi nje ya nchi, walichanga fedha wakaikarabati nyumba ili Krismasi wote wapate pa kulala. Vyumba vya kulala vikatoka vitano vikawa saba, vinne vikiwa masta. Nyaya zote za umeme zikabadilishwa. Paa likawekwa bati za msauzi, dari ikawa ya jipsamu, jiko likapanuliwa. Sakafu ya mninga waliiacha, wakaisugua na kuipaka vanishi tu, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote waliyofanya kwenye jengo lile.

Baada ya nyumba ikafuata bustani. Fundi bustani aliyeletwa alikuwa hodari, sitamnyima haki yake. Alichonga mteremko kuwa ngazi tatu za ukoka, akapanga njia za mawe, akapanda miwaridi na midodoma, akachimba bwawa la samaki, na chini kabisa, karibu na mto, akasimamisha banda la makuti la kupunga upepo. Kutoka barazani jicho lilishuka bila kikwazo mpaka majini. Ili lishuke bila kikwazo, masale yaling'olewa.

Mama alipinga. Aliambiwa ni mambo ya kizamani.

Kufikia mwishoni mwa 2020 Mzee na Mama walikuwa wanakaa Dar es Salaam kwa binti yao, kwa sababu ya magoti ya Mama na kliniki za Mzee. Nyumba ilibaki na watunza bustani watatu na walinzi wawili. Mishahara, umeme wa pampu na matengenezo madogo vilikula shilingi milioni 1.6 kila mwezi. Watoto wakaamua iuzwe.

Mambo yalivyokwenda

Nyumba ilitangazwa Februari 2021 kwa shilingi milioni 950. Bei hiyo ilitokana na mambo mawili: fedha walizokumbuka kutumia kwenye ukarabati, milioni 310 kwa hesabu ya mdomo, na uvumi wa bei ya nyumba ya jirani mmoja. Mthamini hakuitwa. Tangazo liliandika "ekari 4 mpaka mtoni".

Kazi wakapewa madalali 11, kila mmoja kwa simu tu. Anayejua biashara hii anajua kilichofuata. Kila dalali akaweka cha juu chake, yaani nyongeza anayobaki nayo yeye, na ndani ya miezi miwili nyumba ileile, kwa picha zilezile, ilikuwa mtandaoni kwa milioni 950, kwa bilioni 1.1 na, kwa sababu ambayo sijawahi kuielewa, kwa milioni 880. Mnunuzi anayeona bei tatu haulizi ipi ni sahihi. Anajiuliza nani mwizi.

Hata hivyo Julai 2021 alipatikana mtu. Masika ilikuwa imetoka kuisha, bustani imenawiri, na aliipenda kuanzia getini. Akakubali milioni 820 na kutoa malipo ya awali ya milioni 60. Wakili wake akamtuma mpima ardhi kutafuta bikoni, yaani alama za mpaka zinazochimbiwa kwenye pembe za kiwanja. Bikoni tatu zilionekana. Ya nne, ya pembe ya chini, haikuonekana, ikabidi mpima aitafute kwa vipimo. Jibu lake lilikuwa kwamba mpaka wa kiwanja unaishia mita 44 kabla ya mto. Ngazi ya tatu ya ukoka, bwawa na banda vyote vilikuwa nje, kwenye ukanda wa karibu ekari moja na robo usio wa familia.

Haukuwa wa kununulika pia. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Maana yake hata ukanda wa mita 16 ulio ndani ya bikoni hauruhusiwi kujengwa. Nyumba yenyewe ilikuwa salama, mita 130 kutoka majini, lakini picha iliyomvutia mnunuzi haikuwa ya nyumba. Alijitoa, akadai fedha zake. Sehemu kubwa ilikuwa imeshatumika: mishahara, ada ya mjukuu, deni la mtoto mmoja. Alirudishiwa kwa mafungu matatu ndani ya miezi mitano, na mafungu mawili yalikuja kwa barua za wakili.

Septemba, katikati ya kiangazi, mke na mume walikuja Jumamosi bila miadi. Kabla ya kuingia getini walisimama kununua ndizi kwa mama wa genge, wakamuuliza habari za nyumba ile. "Ile inayokunywa mto wetu usiku?" akajibu. Pampu ya bustani ilikuwa ikiwashwa saa nne usiku hadi alfajiri. Kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani hakikuwepo, na walio chini ya mto walikuwa wakitazama maharage yao yakinyauka. Wageni wale walizunguka nusu saa, wakaaga kwa adabu, hawakupiga simu tena.

Hapo ndipo nilipoitwa.

Maamuzi na sababu zake

Nilianza kwa kuomba matangazo yote yafutwe kwa miezi mitatu. Kaka mkubwa alikasirika: tunalipa milioni 1.6 kwa mwezi halafu unataka tukae kimya? Nilimweleza kwamba nyumba iliyoonekana kwa bei tatu inahitaji kusahaulika kwanza. Walikubali kwa shingo upande, tukasaini mkataba wa maandishi wa wakala mmoja kwa asilimia 3, bila cha juu.

Uthamini ulitoa bei ya soko ya milioni 610. Kikao cha familia kwa simu siku hiyo kilikuwa kigumu. Swali lililorudiwa lilikuwa moja: bustani imehesabiwa wapi? Mthamini alikuwa ameihesabu kidogo sana, kwa sababu soko la eneo lile hulipa ardhi iliyopimwa, jengo, barabara na maji. Ukoka na miwaridi huharakisha uamuzi wa mnunuzi, ila havirudishi gharama yake.

Mpaka ulihitaji kufufuliwa rasmi. Mpima alisema kuitafuta bikoni ya pembe ya chini, iliyofukiwa na udongo uliochongwa, kungechukua siku mbili. Nilikwenda Dar kumwona Mzee kuhusu saini, nikamkuta Mama jikoni anachambua mchicha.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Na wewe umekuja kutuuzia?"

Nikamweleza habari ya bikoni. Hakuinua kichwa. "Ipo chini ya msesewe, hatua saba kuelekea kwenye mringaringa. Niliwapikia uji wapima siku walipoichimbia. Mbona hamkuuliza?"

Ilikuwa hatua nane. Tuliifukua kwa dakika ishirini.

Mazungumzo yale yalifungua jambo jingine ambalo familia nzima ilikuwa imelipita. Nyumba ni ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mwenza mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake, hata hati ikiwa na jina moja. Hati ilikuwa na jina la Mzee. Watoto walichukulia kwamba Mama ameridhia kwa kuwa hakusema kitu. Nilipomuuliza kama ataweka saini, akajibu kuwa ataweka siku watakapomuuliza wenyewe. Hawakuharakisha. Ilichukua wiki tano, na binti ndiye aliyefanya hivyo. Mama alitoa sharti moja: masale yarudi kabla nyumba haijauzwa.

Machi 2022 walikuja wazungu wawili waliokuwa tayari kutoa milioni 900 taslimu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hapati ardhi isipokuwa kwa uwekezaji unaopitia mamlaka husika, na wao walitaka makazi tu. Wazo lao lilikuwa hati iandikwe kwa jina la mfanyakazi wao. Watoto wawili kati ya watano walitaka tukubali. Nilikataa, nikawaambia wakiendelea nitajitoa: hati ikiwa ya mfanyakazi, nyumba ni ya mfanyakazi, na mgogoro ukizuka muuzaji ataitwa kutoa ushahidi. Mzee alinyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akasema yeye amestaafu na jina safi na hataki kulichafulia barazani kwake.

Kwenye bustani yenyewe tulifanya kinyume cha kilichozoeleka kabla ya kuuza. Tuliipunguza. Banda likabomolewa, bwawa likafukiwa, masale yakapandwa upya kwenye mstari wa bikoni, na chini yake tukapanda miringaringa na kuacha majani ya mtoni yajiotee. Pampu ya usiku ikazimwa. Familia ikajiunga na Jumuiya ya Watumia Maji na kupewa zamu ya Jumanne mchana. Kufikia Agosti ukoka wa ngazi ya pili ulikuwa na rangi ya katani, nasi tukaupiga picha hivyo hivyo, tukaiweka kando ya picha ya Mei.

Maji ya kunywa yalikuwa na lake. Ukanda huu una floraidi nyingi, zawadi ya volkano, na meno ya kahawia ya wenyeji waliokulia hapa hayahitaji maabara. Tulipima maji ya nyumba tukapata miligramu 3.2 kwa lita, wakati kiwango cha taifa ni 1.5. Kaka mkubwa alitaka karatasi hiyo ifichwe. Badala yake tulifunga mifereji ya mvua kwenye paa lote na kuyaelekeza matangi mawili ya lita 10,000, yaliyokuwa ya bustani, jikoni na kwenye bomba la kunywa. Kwa miezi mirefu ya kiangazi tuliweka chujio la mifupa iliyochomwa, njia inayotumika kwa miaka mingi kwenye kituo cha Ngurdoto. Karatasi ya vipimo tuliibandika ndani ya mlango wa stoo.

Mipaka, uthamini, mifereji, bwawa na masale viligharimu jumla ya milioni 6.2.

Matokeo

Tulitangaza upya mwishoni mwa Juni 2022 kwa milioni 640, "ekari 2.7, mita 44 kutoka mtoni". Walikuja watu tisa, pungufu sana ya wale wa mwaka uliotangulia. Oktoba nyumba ilinunuliwa kwa milioni 585 na mke na mume wanaofanya kazi Arusha mjini, wenye watoto watatu. Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru ndiyo iliyowafanya wafikirie kuishi mbali hivyo. Mpima wao alikuja, akakuta bikoni nne, akaondoka kabla ya chai.

Mnunuzi alilipa ushuru wa stempu, asilimia 1. Upande wa muuzaji ulilipa malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi, milioni 1.1, ambayo bila hayo uhamisho haupiti, kisha ukakutana na kodi ya ongezeko la mtaji. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo familia ilipoumia bila mtu wa kumlaumu.

Kwa utaratibu wa mwaka ule, mkazi alilipa asilimia 10 ya ongezeko: bei ya kuuzia ukitoa gharama ulizothibitisha. Milioni 310 za ukarabati zilikuwa za kweli, naamini. Risiti zilizopatikana zilikuwa za milioni 121. Mchanga, kokoto na mawe vililetwa kwa lori na kulipwa mkononi. Mafundi walilipwa Jumamosi kwa Jumamosi kwenye daftari ambalo mchwa walilifikia kabla yetu. Pamoja na milioni 9 za 1994, gharama iliyokubalika ikawa milioni 130, ongezeko milioni 455, kodi milioni 45.5. Risiti zote zingekuwepo, kodi ingekuwa milioni 26.6. Sheria ya fedha hubadilika kila Julai na baadhi ya viwango hivi vimeshaguswa tangu wakati huo, kwa hiyo msomaji asome hesabu hii kama mfano kisha aende Mamlaka ya Mapato (TRA).

Gharama za kuitunza nyumba kwa miezi 20 ya sokoni zilifika milioni 32.

Uchambuzi

Familia bado inaitaja milioni 820 kama fedha iliyowaponyoka. Siioni hivyo. Ile ilikuwa bei ya ekari nne na mto, na ekari nne na mto hazikuwepo. Kilichopotea kweli ni muda, na sehemu kubwa ya muda huo ilipotea kabla ya tangazo la kwanza, siku mteremko ulipochongwa bila mtu kufungua hati. Mpima wa siku moja mwaka 2017 angeokoa gharama ya bwawa, banda na ngazi ya tatu, pamoja na heshima iliyopotea kwa mnunuzi wa kwanza.

Kuhusu malipo ya awali sina upole. Fedha ya mnunuzi ambaye uchunguzi wake haujaisha si yako. Ingekaa kwenye akaunti ya wakili. Mkataba wao haukusema lolote juu ya hilo, na wakili wa familia, aliyelipwa kuuandika, alipaswa kuliona.

Kuondoa matangazo kwa miezi mitatu kulifanya kazi, ingawa sina uhakika kama ilihitajika yote mitatu. Miwili ingetosha, na milioni 1.6 ya mwezi wa tatu ilitoka mfukoni mwao, si mwangu. Kupunguza bustani ndiko nilikokuwa na hofu nako zaidi, na ndiko kulikofanikiwa zaidi. Wanunuzi tisa walipokuja hakuna aliyeuliza habari za mto kwa mashaka. Mama wa genge, niliyempitia makusudi mwezi wa nane, alikuwa akisema kwamba siku hizi wamestaarabika. Hakuna tangazo ninaloweza kulilipia lenye nguvu kama hiyo.

Karatasi ya floraidi iliwafukuza wawili kati ya tisa, nadhani. Walionunua walisema ndiyo iliyowafanya waamini mengine yote tuliyowaambia.

Kosa langu linamhusu Mama. Nilifika kwenye nyumba ile mara tatu, nikapima baraza, nikahesabu masoketi, nikawahoji watunza bustani watatu na walinzi wawili, nikaongea na watoto wote watano. Siku niliyomkuta jikoni na mchicha wake nilikuwa nimekwenda kutafuta saini ya Mzee.